Mikate ya Kumimina Aliyoichukua Masanja

Igogo, Mwanza

Kwako dada yangu Mwajuma, Kisarawe.

Shikamoo dada. Pokea salamu za mdogo wako Athumani, ambaye anakula, analala na anapumua kama kawaida, ila moyo wake haujakaa mahali pake, na sababu utaisoma humu humu. Mguu wako unaendeleaje? Shemeji kifua kimepoa? Mvua imeifikia mihogo au bado mnatazama juu? Huku kwetu jua ni kali mpaka mawe ya Mwanza unaweza kuchomea chapati. Nimejaribu mwenyewe, ikaiva upande mmoja.

Dada, unakumbuka kiwanda kilipotupunguza kazini, watu huko nyumbani walingoja kuniona nateremka na sanduku kichwani. Sikuteremka. Nilichukua ujuzi wa marehemu mama, mkate wa kumimina, nikauleta kwa watu waliokuwa wakinywa chai yao kwa kiazi cha kuchemsha. Mchele naloweka, nausaga, natia tui la zile nazi zako unazonitumia kwa treni, iliki na hamira, nauacha uumuke mpaka uanze kutoa macho, kisha moto chini na moto juu ya mfuniko. Nakwambia bila kujisifu, kuanzia hapa mpaka Musoma hakuna mkate mwepesi kama wangu. Juu ya mfuniko ilibidi niwe naweka jiwe. Siku moja korongo, yale madege ya jalalani, alinyakua kipande akaruka nacho, basi akashindwa kutua mpaka alipokimaliza. Ukija waulize majirani.

Ofisi za kule Nyamagana, chai ya saa nne ilikuwa hainyweki mpaka nifike na sinia langu. Kuna karani mmoja, mama mtu mzima, nikichelewa kidogo ananipokea mlangoni: "Mzee Athumani, leo utatuua. Bosi anakunywa chai kavu, na akinywa chai kavu hasaini kitu." Ndiyo cheo nilichokuwa nacho hapa mjini, dada. Nchi ilikuwa inangoja sinia langu.

Sasa siku hizi huku kila mtu anafungua biashara yake. Viwanda vya minofu vimejipanga ufukweni, ndege za mizigo zinakuja kubeba sangara, na watu wa ndege hizo lazima walale mahali. Bwana mmoja wa Bukoba akafungua hoteli upande wa ziwani. Wageni wake kila asubuhi ni malalamiko: mandazi yanavuja mafuta, chapati zinakaa tumboni mpaka jioni, wanataka kitu chepesi. Habari zangu zikamfikia. Akaniita.

"Wewe ndiye mzee wa mikate inayopaa?"

Nikamjibu, "Ndiye mimi, na ukinichukua itabidi ufunge madirisha."

Akacheka sana. Akasema nimpelekee mikate Jumamosi asubuhi wageni waonje, wakiipenda jiko lote la mikate ni langu, na oveni ya umeme juu yake. Hebu fikiri dada. Mimi, kwa umri huu, na nywele hizi, nani mwingine angenipa kazi? Nililia chooni ili mke wangu asinione.

Habari hiyo nikaitangaza mtaa mzima. Jumamosi hiyo niliamka mapema nikaoka kama ambavyo sijawahi kuoka. Mikate nikaipanga kwenye sinia barazani ipoe, nikaifunika kitambaa cheupe, nikaingia kuoga. Natoka kuvaa shati, nasikia vicheko nje. Kuchungulia, namwona Masanja na sinia langu kichwani.

Masanja unamjua. Ni huyu Msukuma jirani yangu, mtani wetu, niliyekuja naye kwenye msiba wa mama. Nyote mlimpenda.

"Nyie Wazaramo mmezidi uvivu," anasema, mtaa mzima unasikia. "Mali mnaianika nje kama dagaa. Hii sasa ni ya Wasukuma."

Mama Rehema wa nyumba ya pili akadakia, "Athumani, leo umepatikana."

Na mimi nikacheka. Ningefanyaje, dada? Wewe umezaliwa katika utani huu, unajua. Mtani akishika mali yako mbele za watu ukanuna, aibu ni yako na ya ukoo wako. Mimi mwenyewe Idi iliyopita nilimchukulia mbuzi wake kambani, akacheka mpaka akakaa chini, baadaye akamkomboa kwa kreti la soda. Basi nikamwambia, "Chukua, Msukuma wewe, angalau leo utajua watu wanakula nini asubuhi." Nilisema chukua. Kwa mdomo wangu huu. Nilijua atazunguka nyumba, atazomewa na watoto, atarudi nikomboe sinia langu.

Nikavaa koti nikakaa kizingitini kumngoja. Hakurudi. Mke wangu akasema, "Mume wangu, huyu mtu ameshuka barabara kuu." Nikatoka mbio na koti langu kuelekea ziwani.

Nilipofika hotelini nilimkuta Masanja amekaa na mwenye hoteli, kikombe cha chai mkononi, sinia langu mezani limebaki makombo. Yule bwana akaniambia, "Umechelewa mzee. Mwenzako ameshaleta, wageni wamekula mpaka wameuliza nani kaoka. Kumbe ni mke wake. Anasema wewe siku hizi umeshachoka."

Nikamgeukia. "Masanja, sema ukweli."

"Ukweli gani, mtani? Si umenipa mwenyewe? Mtaa wote shahidi." Kisha akacheka kile kicheko chetu cha utani, na yule mwenye hoteli naye akacheka, maana aliona watani wawili wanataniana. Nikisema ni wizi, nachekesha. Nikipandisha sauti, nachekesha zaidi. Nikakosa pa kushika, dada. Nikachukua sinia langu nikaondoka.

Nilipeleka jambo hili kwa wazee wetu wa pale kwenye kahawa. Mkubwa wao akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Alipochukua, ulicheka?"

"Nilicheka."

"Basi. Tangu lini mtu akamshtaki mtani wake?" Akaomba kahawa nyingine.

Kwa hiyo sasa jiko la hoteli analo Kabula, mke wa Masanja. Huyo Kabula alijifunzia barazani kwangu. Nilikuwa namwita mwenyewe aje aone unga unavyopanda, nimfundishe kuupima moto wa juu kwa kiganja. Nilijipa moyo kwamba hawatafika mbali. Nazi za sokoni Mwanza zimekauka, tui lake linanuka mafuta ya taa, na bila nazi nzuri mkate ule ni tofali. Nikawatangazia watu pale kahawani: mwezi hauishi, yule bwana atanifuata kwa magoti.

Wiki iliyopita nikaenda stesheni kuulizia gunia langu la nazi, maana limechelewa mno. Mtu wa mizigo akaniambia hakuna chenye jina langu. Nageuka niondoke, namwona Masanja anapakia gunia kwenye mkokoteni. Dada, gunia lile lilishonwa kwa ukindu, mshono wa kwenda na kurudi, na mdomo wake umefungwa kipande cha kanga. Mtu mmoja tu hapa duniani anafunga gunia hivyo.

Nikamuuliza limetoka wapi. Akasema, "Kwa dada yetu Mwajuma. Nilimpelekea salamu kwa watu wa treni kwamba tuna shida ya nazi. Hakukwambia?"

Dada yetu, ndivyo alivyosema. Tena safari hii hakucheka, alikuwa anaona ni jambo la kawaida. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko sinia.

Juzi nimeoka kwa maziwa ya ng'ombe. Mkate haukupanda. Yule karani wa Nyamagana akala kipande kizima akasema ni mtamu. Mimi nilimwangalia koo lake linavyohangaika, nikajua ananihurumia. Athumani wa kuhurumiwa kwa mkate.

Sasa nakuomba uwaambie wazee wa ukoo neno hili, hata wakikasirika. Nikifa, Masanja asije kufanya vituko vya watani msibani kwangu, asishike jembe, asidai kuku. Watasema haijawahi kutokea mtani akakatazwa. Waambie mimi ndiye wa kwanza.

Na wewe nakuuliza, wala si kwa ubaya. Huenda alikudanganya kwamba tunaoka jiko moja, ukaona nazi zake ndizo zangu. Kama ni hivyo, niandikie hivyo, nitalala. Lakini kama ulisikia kwamba jiko amelichukua yeye, ukasema moyoni huu ni utani tu, watapatana, ukashona gunia ukaliandika jina lake, basi hilo pia niandikie. Usilifunge kwa salamu nzuri. Ulijua au hukujua, nataka hilo tu.

Nisalimie shemeji, mwambie dawa ya kifua nimeshaiulizia kwa Wakerewe. Nisalimie mama mkwe wako na yule shangazi yetu asiyesikia, umpigie kelele jina langu mpaka anikumbuke. Wapwa zangu waambie mjomba wao hajambo na bado Mwanza yote inamjua. Mengine usiwaambie. Mke wangu anakusalimu sana. Yeye anasema hukujua.

Masanja hakutuma salamu. Anazo njia zake za kukufikia.

Ni mimi mdogo wako, wa tumbo moja,
Athumani