Bado Sijamsamehe Mama Mkwe

Jumamosi, 5 Januari 2019

Mwanangu Padam kaniletea daftari hili kutoka Jodhpur, mjini anakofanya kazi. Jalada la bluu, picha ya moyo. Watu wa kampuni za dawa huwagawia madaktari – si wote, wale wazuri. Mimi niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu Padam mwenyewe anausifu, na yeye ni daktari wa wagonjwa mahututi, wa kwanza katika mtaa wetu wote hapa Pali.

Nilitaka kuanza na habari njema. Basi tena. Asubuhi mama mkwe kasukuma kikombe cha maji ya choroko, kamwambia Baba Padam amwite mtawa. Anataka santhara. Kuacha chakula kidogo kidogo, kwa kiapo cha dini yetu, mpaka mwili uage wenyewe.

Ana miaka themanini na minne. Figo zimekufa zote mbili. Padam alitaka apelekwe Jodhpur, damu isafishwe kwa mashine. Kakataa. Kasema mashine wapewe wenye hamu ya kubaki.

Baba Padam kaangua kilio dukani kwetu kwa vitambaa, mbele ya wateja. Mimi sikulia. Nilikwenda kuchoma papadi, vile vimkate vyembamba vya dengu.

Jumapili, 6 Januari

Mtawa Vinayshri kaja, kitambaa cheupe mdomoni asidhuru hata mdudu, miguu mitupu na baridi hii. Kamhoji Mama muda mrefu. Mimi nilikuwa mlangoni. Sikutega sikio, mlango ulikuwa wazi.

Alimuuliza kama ana hasira na mtu. Kama anakimbia maumivu. Kama kuna mtu humu ndani anayemsukuma. Anayetaka kufa hapewi kiapo, alisema. Anapewa aliyekwisha kutua mzigo, asiyeng'ang'ania kuishi wala kufa. Halafu familia iridhie, na Mama awaombe msamaha wote aliowakosea.

Mama akahesabu kwa vidole. Wengi walishakufa. Nikabaki mimi.

Jumanne, 8 Januari

Hii niiandike vizuri. Kaniita, viganja vyake vimekutana kifuani. Yeye! Miaka thelathini na mmoja mimi ndiye ninayeinama kugusa miguu yake.

"Bi harusi," – bado ananiita hivyo, na mvi zangu hizi – "kama nilikukosea kwa wazo, kwa neno au kwa mkono, nisamehe."

Kusamehe ni neno moja tu. Kila mwaka siku ya kuombana msamaha tunaambiana nyumba nzima, hata watoto. Nikafungua mdomo, nikasikia nimesema: "Kwa lipi? Mbona yako mengi."

Baba Padam alinitazama kama nimemwaga maziwa. Mama naye akanitazama, kisha – naapa – akacheka kidogo. "Haya, bi harusi. Taja."

Nikataja la kipini cha pua. Mwaka wangu wa kwanza hapa alikiazima, akampa dada yake, hakikurudi. Akaomba msamaha wa kipini. Nikamsamehe kipini. Nikasema mengine nitayakumbuka kesho.

Kiapo hakikusomwa. Kabla jua halijazama kanywa maji ya choroko, nusu kikombe.

Jumatano, 9 Januari

La mchuzi wangu wa maziwa mgando. Aliumwaga mbele ya wageni, harusi ya wifi, akisema umekatika. Haukukatika. Mchuzi wangu haujawahi kukatika. Kaomba, nimesamehe. Nusu kikombe.

Alhamisi, 10 Januari

La kutaka Padam akae dukani badala ya kusomea udaktari. Hili nimelitaja kwa sauti, ili majirani nao wakumbuke nani alisimama kidete. Mama kasema alikosea, isitoshe mtoto mwenyewe angekata vitambaa upande. Tukacheka wote. Vijiko vitatu tu leo.

Jumamosi, 12 Januari

Bi Kamrunisa wa nyumba ya pili, mke wa mtia rangi vitambaa, kaja kumjulia hali Mama. Kwao uhai ni amana, kasema, na mwenye amana hajatuma mtu kuichukua, sasa Mama anairudishaje? Nikamwambia kwetu huku si kujiua, ni kuuachia mwili uende. Akasema kufa ni kufa. Nikasema si kufa kote. Chai ikapoa.

Halafu akasema taratibu kwamba baba yake, wiki ya mwisho, alikataa dripu, na shehe hakumlaumu. Dawa isiyosaidia mtu halazimishwi. "Lakini chakula, dada yangu. Chakula mimi nisingeweza kukaa nikatazama."

Nikammiminia chai nyingine. Kisha kaniuliza madai yangu yamebaki mangapi. Kumbe mtaa mzima unajua.

Jumanne, 15 Januari

Padam kaja na muuguzi wa wodi yake, Lissy, binti wa Kerala, msalaba shingoni. Ana mikono mizuri. Kamgeuza Mama bila kumuumiza. Mgongo umechubuka wote – figo zikifa mwili unawasha, anajikuna mpaka damu. Na kwikwi haimwachi.

Nilimuuliza Lissy kwao wanasemaje. Kasema sindano ya kumaliza mtu ni dhambi, hata ukichoma kwa huruma. Mashine isiyoponya inaweza kuondolewa, mtu akaachwa aende. Wagonjwa wameshamwomba sindano mara nyingi. Yeye huwashika mkono, basi.

Padam naye nilimuuliza, maana anajua kila kitu. Kasema hajui. Wodini kwake watu wana mirija minne mwilini na hakuna aliyewauliza. Bibi yake kaamua mwenyewe, akili timamu. Kisha akanishika bega.

"Mama, wewe unamchelewesha kwa nini?"

"Namdai."

"Anaumwa, Mama."

Nikaenda jikoni. Daktari mzima, lakini hajui kunyamaza. Ila kasema kweli.

Jumatano, 16 Januari

Nimetaja la chumvi. Kwamba aliniongezea chumvi chakulani makusudi ili nionekane sijui kupika. Si kweli. Nimelitunga leo asubuhi.

Akanitazama. Alijua. Akakutanisha viganja, akaomba msamaha.

Ijumaa, 18 Januari

Mtawa karudi. Nikamuuliza, nisiposamehe itakuwaje? Akasema Mama akiomba kwa moyo mweupe, lake limekwisha, linalobaki ni langu. Kiapo kinaweza kusomwa leo hii.

Nikafikiri haya, yameisha. Mama akatikisa kichwa.

"Sifungi mpaka huyu aseme. Nimekula mikononi mwake miaka yote hii. Siwezi kuacha kula bila ruhusa yake."

Nikatoka nje. Papadi zimeungua. Mimi, papadi kuungua!

Jumapili, 20 Januari

Wote walikuwa chumbani, Padam, Baba Padam, mtawa. Nilikuwa nimeandaa dai la shali. Mama akaninyamazisha kwa kidole.

"Kuna moja hujalitaja."

Nikasema hakuna.

"Lipo. La mtoto."

Binti yangu. Sijawahi kumwandika mahali popote. Alikuja mwaka wa pili baada ya Padam. Ana siku kumi na moja tu, kifua kikambana. Gari la kwenda Jodhpur lilikuwa limepatikana. Mama alisema tumwache, asiteswe kwa sindano, siku zake ndizo hizo. Alisema kwa upole kabisa. Nikamshika mapajani mpaka mwili wake ukawa wa baridi.

Mama kaongea leo huku kwikwi inamkata: "Leo naamua juu yangu mwenyewe. Siku ile niliamua juu yake, naye hakuwa na mdomo wa kukataa. Hilo ndilo ninaloomba, bi harusi. Mengine yale tulikuwa tunacheza."

Padam hakujua kama aliwahi kuwa na dada. Alikaa chini sakafuni.

Nimetoka. Niko kwenye ngazi za paa na daftari hili.

Gari lilikuwa mlangoni. Na mimi nilikuwa na miguu. Sikuinuka.

Nikisema nimesamehe, kesho ni maji matupu, halafu hata hayo hapana. Nisiposema, ataendelea kumeza choroko yangu na kujikuna, kwa ajili yangu. Nani atanigombeza jikoni? Miaka thelathini na mmoja nimemlalamikia kila aliyenisikiliza, na sasa siwezi hata kuusogeza ulimi.

Mtawa hatembei giza likiingia, lazima aondoke mapema. Jua limeshafika ukuta wa Bi Kamrunisa. Baba Padam ananiita. Mara mbili kaita "Mama Padam". Mara ya tatu kaita Snehlata. Tangu anioe hajawahi kulitamka jina langu.

Nimeitikia, nakuja. Ngoja kwanza ninawe uso – Mama akiyaona macho haya yaliyolia atadhani nimeshamsamehe.