Ulilala muzuri?

Siku ya mardi, usiku.

Hapana, yule mama wa Tchomia hakunidanganya. Nilimukasirikia bure.

Jana asubuhi, mbele ya kumupeleka kupasuliwa, nilimuuliza: "Ulilala muzuri, mama?" Akajibu: "Muzuri, mutoto wangu." Nikaandika kwenye fishi yake ya hospitali: alilala muzuri.

Leo maumivu imemuzidi, na dawa haimutoshe. Docteur anasema inafikaka vile kwa mugonjwa mwenye hakulala mbele ya kupasuliwa. Nikarudi kumuuliza tena.

"Sikufunga macho hata kidogo," akasema.

"Sasa juu ya nini uliniambia muzuri?"

Akaniangalia kama vile miye ndiye mugonjwa. "Mutoto wangu, si ulikuwa unanisalimia?"

Miaka kumi na moja niko naandika salamu za watu kwenye fishi.