Barua Zangu Tatu Katika Kambi ya Kobe

Nyumba ya tatu, nyuma ya kiwanda cha sabuni,
S.L.P. 417.
24 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwanza, kwa sababu salamu ni haki yako hata ukiwa umekosa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua tangu uanze kazi ya bohari umepata nafuu. Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, analala vizuri, na kila akisikia pikipiki ya mtu wa posta huuliza kama umeandika. Shemeji yako amepona jino. Goti langu la kulia linabashiri mvua kuliko redio.

Baada ya hayo, nina jambo, na nitalieleza kwa utaratibu ili usije ukasema hukuelewa.

Mwezi wa Februari uliniandikia ukiniuliza swali ambalo kila kinyozi wa mtaa huu ana jibu lake: kati ya mabondia wa zamani tuliowaona kwa macho yetu, nani angemshinda Kobe? Nilifurahi, sikufichi. Kobe ana mapambano thelathini na nane, hajapoteza hata moja, na uso wake haujaguswa na sindano ya daktari. Anaficha kidevu nyuma ya bega la kushoto, mkono wa kulia anauweka shavuni kama mtu anayeumwa jino, na ngumi zote humteleza. Hampigi mtu sana. Humchosha, kisha majaji humpa pointi. Nilidhani umekumbuka nyumbani, ukakumbuka zile Jumamosi tulizokaa benchi la mbele tukibishana mpaka mlinzi wa ukumbi anatufukuza.

Nikakujibu kwa barua tatu, kurasa kumi na tisa.

Ya kwanza ilikuwa juu ya Seremala. Nilikueleza kwamba wengi walimwona mzito, lakini yeye ndiye angempa Kobe taabu kubwa kuliko wote, kwa sababu hakuwa na haja na kichwa cha mtu. Angelipiga lile bega lenyewe, raundi baada ya raundi, kama mtu anayeng'oa bawaba badala ya kugonga mlango. Kufikia raundi ya kumi bega lingeshuka lenyewe, na kidevu kingebaki peke yake.

Ya pili ilikuwa juu ya Bubu, ambaye hakuwa bubu, ila uso wake ulikuwa hausemi kitu. Kobe husoma bega la mwenzake kabla ngumi haijatoka. Bubu alikuwa na tabia ya kuanza ngumi na kuiachia njiani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha ya nne inafika. Nilikuchorea hata miguu yake ilivyokaa.

Ya tatu ilikuwa juu ya Dobi, uliyempenda mno kwa ule mkono wake wa kushoto, mwepesi kama anaanika nguo. Nilikukatalia. Dobi angeongoza raundi tano, halafu angechoka kusubiri, angeingia kwa pupa, na pupa ndiyo chakula cha Kobe. Mwishoni nikajibu na swali lako jingine, lile uliloliandika pembeni kwa herufi ndogo: "Na mimi je, kaka?" Nikakuandikia kwamba usingemaliza raundi ya sita.

Ulijua vilevile, maana nilikuandikia mwenyewe, kwamba Fundi Bomba alikuwa amepangiwa kupigana na Kobe hapa kwetu tarehe moja Juni. Unamkumbuka: yule fundi wa mabomba wa hospitali niliyemfundisha miaka tisa, kila jioni akitoka kazini na mikono inanuka kutu. Mpango wetu ulikuwa Seremala raundi za mwanzo, Bubu raundi za mwisho. Tulioujua ni mimi, yeye, na wewe.

Kengele ikalia, Fundi Bomba akaenda begani. Kila alipoligusa bega, Kobe alimkumbatia mpaka mwamuzi akawatenganisha, kisha akageuka na kumpa bega la pili. Sijawahi kumwona akifanya hivyo, na nimetazama mapambano yake yote. Raundi ya saba tukabadilisha. Fundi akaanza ngumi, akaiachia njiani. Kobe hakutikisa hata kope. Alisimama kama mwanafunzi aliyeuona mtihani jana. Baada ya raundi ya nane Fundi aliketi, akatema maji, akaniuliza, "Mwalimu, huyu mtu anaota ndoto zetu?" Nikamfuta uso, kengele ikalia.

Tulishindwa kwa pointi, majaji wote watatu. Kushindwa si aibu, na nisingepoteza wino kwa ajili yake.

Lililofuata ndilo linaloniandikisha. Tulikuwa chumba cha kubadilishia nguo, Fundi akiwa na barafu jichoni, pale kocha wa Kobe alipoingia amevua kofia. Ni mtu wa adabu, wala hakuwa na nia mbaya. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kukushukuru. Barua zako tumezisoma kambini kama darasa."

"Barua zipi?"

"Zile tatu. Si mdogo wako alizileta mwenyewe pale getini, wiki ya pili ya Aprili? Kila jioni anatusomea, sisi tunafanya. Tumempa koti la kambi, na siku hizi hata kulala nadhani analala nalo."

Alidhani najua. Alidhani nimetoa baraka. Na Fundi Bomba alisikia kila neno. Aliondoa barafu, akanitazama kwa jicho moja lililokuwa likifunguka, akasema, "Kumbe nilikuwa napigana na watu wawili." Akavaa shati juu ya jasho, akatoka.

Mdogo wangu, nimehesabu siku. Barua ya tatu niliiposti mwisho wa Machi. Basi ilikufikia, ukaisoma, ukafika kwenye raundi ya sita, na siku chache baadaye ukaenda getini kwa Kobe na bahasha zangu mkononi. Kama jibu lile ndilo lililokuchoma, ungenijibu. Ungenitukana. Mimi ndiye niliyekufunga bandeji zako za kwanza kwenye ngazi za nyumba hii. Matusi yako ningeyastahimili. Ningeweza kuliandika kwa upole zaidi, na hilo ni kosa langu, nalikubali. Lakini niliandika ukweli kwa sababu aliyeniuliza ni ndugu yangu. Sikujua kwamba namwandikia mtu wa koti.

Na kama ni harufu ya ukumbi iliyokuita, baada ya miaka yote hiyo ya kupanga maboksi, ningekuelewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote. Ungeweza kwenda na kichwa chako mwenyewe, ndondi unazijua. Ulikwenda na changu.

Shemeji yako, ambaye siku zote ni wakili wako katika nyumba hii, safari hii alisema, "Umemlea mwenyewe. Usishangae anajua ufunguo unakaa wapi." Mama sijamwambia. Anaendelea kuwasimulia majirani kwamba wanawe wanaandikiana barua kama zamani, na mimi nanyamaza. Ukimya huo nao ni mzigo ulionitwisha wewe.

Fundi Bomba hakuja mazoezini siku kumi na tano. Wenzake wakaanza kunong'ona kwamba Mwalimu amemuuza mtu wake. Miaka thelathini katika kazi hii nimeitwa mkali, nimeitwa mbishi, nimeitwa mzee wa kanuni. Hilo sijawahi kuitwa. Nikamfuata hospitali, nikamkuta chini ya sinki la chumba cha kufulia, inaonekana miguu tu.

"Mwalimu, nina kazi," akasema, bila kutoka.

Nikapiga goti kwenye maji, nikamweleza yote, nikiyaambia mabuti yake. Nilipomaliza akauliza:

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Basi nipe hiyo spana kubwa hapo."

Hakusema atarudi. Hakusema hatarudi.

Kwa hiyo nataka kitu kimoja kwako. Usiniandikie mimi, mwandikie yeye, kwa mkono wako, umweleze ulichokifanya na kwamba mimi sikujua. Sababu zako usizirefushe. Neno langu analo, lakini neno la anayeshukiwa ni nusu ya neno, na nusu nyingine unayo wewe. Anuani ni idara ya ufundi ya hospitali. Barua zangu tatu zirudishe. Mimi nitaendelea kukuandikia, maana wewe ni mdogo wangu na sina mwingine. Nitakuandikia habari za Mama, za mvua, za watoto wa jirani. Za ndondi sitakuandikia tena.

Nilikuwa nimefika hapo juzi, Jumapili asubuhi, mlango ukagongwa. Ni Fundi Bomba na mfuko wake wa vyombo, anasema amesikia bomba letu la jikoni linavuja. Halivuji. Shemeji yako akatia chai, nami nikamsomea barua hii yote, tangu salamu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na pale penye mabuti yake alicheka kidogo kupitia puani. Nilipomaliza akasema:

"Hujamwambia tulichokiona raundi ya tisa."

"Hapana," nikasema.

"Vizuri."

Jana jioni nilimkuta ukumbini, amefika kabla yangu, anajifunga bandeji.

Nisalimie mkeo, na umwambie kitambaa alichomletea Mama kimeshonwa na kimempendeza. Nisalimie mwanao anayesomea uuguzi. Mwambie baba yake mkubwa anamtaka asome kwa bidii na aandike kwa mwandiko unaosomeka. Mama anakubusu. Shemeji yako anakusalimu, ila amesema nisiongeze neno.

Mungu akupe afya, akupe kazi isiyouumiza mgongo wako, na akupe ujasiri wa kuandika barua moja ngumu.

Ndimi kaka yako, nikupendaye, ingawa mwezi huu kwa shida,

Mwalimu