Risasi Yenye Sikio

Kwa Papa Nasoro, mshauri wa wavuvi gazetini

Papa Nasoro,

Kuna sauti moja ambayo imebaki nami tangu wiki tatu zilizopita: po. Si kubwa. Ni sauti ya kitu kidogo kizito kinapoingia katika bidon ya njano iliyojaa maji, bidon iliyokaa juani miaka mingi mpaka plastiki yake imekuwa kavu kama ganda la yai. Ninaomba msaada wako, na nitaeleza kwa utaratibu, kwa sababu nimeona unawajibu vizuri watu wanaoeleza kwa utaratibu. Maswali yangu ni ya nailoni, fimbo na mafundo.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na nne, nina graduat ya fizikia kutoka chuo kikuu, na ninaishi mtaa wa Mapendo, kando ya ziwa, na mama yangu na mama mdogo tangu tulipokimbia Kiwanja mwaka 2008. Mwaka huu, tangu mabomu yaanze tena kaskazini ya mji, tumekatazwa kutoa mitumbwi kwenye ufuko wetu, na mtu anabaki na kile anachoweza kukifikia akiwa amesimama kwenye mawe. Pale kwetu mawe ya volkano yanaendelea chini ya maji kiasi cha hatua sitini, ndipo kina kinaanza ghafla, na tilapia wakubwa wanakaa pale, si kabla. Ismael, mvuvi wa Kituku aliyenifundisha kurusha, alinipa nailoni nene ya namba 35, na kwa nailoni hiyo nilifika hatua arobaini. Nilipima kwa kuhesabu mizunguko ya mulineti, kile kigurudumu cha fimbo, wakati wa kurudisha uzi. Arobaini, thelathini na nane, arobaini na mbili. Tulikula samaki wadogo wenye miiba.

Basi nikafikiri kama mtu aliyesoma. Uzi mwembamba hausuguani sana na pete za fimbo wala hewa, na kitu kizito kinakwenda mbali kuliko chepesi, kwa hiyo nikanunua nailoni ya namba 20, nikachukua risasi ya gramu sitini badala ya thelathini (wewe unajua, Papa, lakini wasomaji wengine hawajui, kwamba sisi wa fimbo tunaita risasi kile kipande cha madini kinachovuta uzi kwenda mbali, chenye sikio la waya la kupitishia uzi), nikaifunga kwa fundo ambalo mama yangu alikuwa akifungia magunia ya maharage kule Kiwanja, na Jumanne saa moja asubuhi nikasimama juu ya jiwe langu, wanawake wakichota maji upande wa kushoto, nikaivuta fimbo nyuma na nikarusha kwa nguvu zote nilizo nazo.

Nailoni ikakatika. Risasi ikaenda kushoto.

Ismael alinifundisha kwamba risasi ikiponyoka lazima upige kelele, watu wainame. Nikapiga kelele: "Risasi! Risasi!"

Halafu po.

Katika mji huu, mwaka huu, hakuna aliyefikiri samaki. Wote walilala chini. Mama Bulonza, ambaye bidon yake ilitobolewa ikiwa mgongoni, alilala kifudifudi, maji yakimtiririkia shingoni, naye akidhani ni damu. Mmoja alilia, "Banatupiga toka juu!" na mwingine, "Apana, ni toka ku ziwa!" wakainuka, wakakimbia. Mimi pia nilikimbia. Nilikimbia na fimbo.

Papa Edmond, shefu wa avenue, mkubwa wa barabara yetu, alikuja saa nne.

"Nani alisikia wa kwanza?"

"Ni huyu mutoto wa Kiwanja," Mama Bulonza akasema. "Bila yeye leo mungekuwa munanililia."

"Mutoto, ulichoona ni nini?"

"Risasi," nikasema.

"Ilitoka wapi?"

"Ilipita haraka, Papa."

Nimeyapitia majibu hayo mara nyingi. Hakuna neno moja la uongo.

Jumapili Mama Bulonza alitoa misa ya shukrani. Baada ya komunyo aliruhusiwa kusimama mbele, akafungua leso, akaonyesha kitu alichokikuta ndani ya bidon. "Hii njo ilinitafuta," akasema. "Mungu akaiambia: mugongo wa huyu mama uuache, ingia mu maji." Padri alikishika, akakitazama, akakirudisha. Mimi nilikuwa benchi ya tatu. Niliona sikio la waya waziwazi. Hakuna aliyeuliza ni bunduki gani inayotoa risasi yenye sikio. Watu walipiga makofi, nami nikapiga.

Tangu siku ile hakuna anayechota maji pale. Wanawake wanakwenda ufuko wa mbali, na njia ya kwenda huko inapita kwenye kizuizi cha wenye bunduki. Wiki iliyopita Daniella, binti wa jirani yetu Mama Masika, alishikwa pale, wakamwambia awafulie nguo kwanza. Alirudi mchana, bidon tupu. Haongei, na hatoki nyumbani.

Sijasema. Nikisema watanikataza kurusha, na nyumba yetu inakula ninachorusha. Tena mtu wa kutoka Kiwanja akijitokeza kwamba yeye ndiye aliyevuruga ufuko, watakuwepo wa kuuliza alitumwa na nani.

Sasa ninauliza. Ili kufika hatua sitini na zaidi, nichukue nailoni ya unene gani, au nitafute uzi wa kusuka? Fimbo yangu ina mita mbili na sentimita sabini, na imeandikwa gramu 10 mpaka 30. Je, ndiyo yenye kosa? Fundo gani linafaa? Mwisho wa uzi uliobaki kwenye mulineti umejikunja kama mkia wa nguruwe, sijui kama hilo lina maana. Na je, inawezekana kurekebisha jambo hili lote bila kulisema?

Msomaji wa Mapendo

*

Binti yangu wa Mapendo,

Nimehesabu mistari, maana nawe unapenda kuhesabu. Nailoni imepata ukurasa mzima. Daniella amepata mistari mitatu. Hata hivyo nitakujibu ya nailoni kwanza, kwa sababu siku moja utarusha tena, na ninataka kila aliye ufukoni arudi kwake na kichwa chake.

Mkia wa nguruwe una maana kubwa. Uzi uliokatika huacha ncha iliyonyooka au iliyochanika. Uliojikunja ni uzi uliojivuta kutoka ndani ya fundo. Nailoni yako haikukatika, fundo liliteleza. Fundo la magunia linashika kamba ya katani kwa sababu katani ina manyoya. Nailoni haina, inateleza kama kambale mkononi. Ipitishe katika sikio la risasi mara mbili, zungusha ncha juu ya uzi wenyewe mara tano, irudishe ndani ya vile vitanzi viwili vya kwanza, lowesha kwa mate, ndipo uvute polepole. Usivute kavu. Nimeuza vifaa vya kuvulia miaka ishirini na mbili, na nusu ya waliorudi dukani kunitukana walikuwa wamevuta kavu.

Usijifariji lakini. Fundo lingeshika, bado namba 20 isingeweza kubeba gramu sitini zilizorushwa kwa hasira. Na fimbo haina kosa: iliandikwa thelathini, wewe ukaweka sitini. Umesoma fizikia yote hiyo ukashindwa kusoma namba iliyo chini ya mkono wako?

Fanya hivi. Rudi kwenye gramu thelathini. Tafuta uzi wa kusuka, namba 16. Chini yake, kwenye bobini, pale mulineti inapokusanya uzi, zungusha kwanza nailoni kidogo, maana uzi wa kusuka ukiwekwa juu ya chuma kitupu unazunguka wote pamoja kama mkanda uliolegea. Jaza bobini mpaka karibu na ukingo; bobini yenye njaa inasugua uzi na kukuibia hatua kumi. Mbele weka kipande cha nailoni nene, namba 40, kirefu mara mbili ya fimbo na zaidi kidogo, ili wakati wa kurusha kiwe tayari kimezunguka bobini mara kadhaa. Hicho kinapokea kishindo, uzi mwembamba unafuata tu. Kuunganisha: kunja nailoni nene iwe kitanzi, ingiza uzi wa kusuka, uuzungushe juu ya kitanzi mara saba kwenda na saba kurudi, utoke upande ule ule ulioingilia. Mate tena. Funga kidole kwa kipande cha ngozi, la sivyo uzi huo utakichana. Kwa fimbo hiyo hiyo utapita hatua sitini. Ukitaka zaidi, siku ukiwa na uwezo, tafuta ya mita tatu na nusu. Na kabla ya kurusha tazama nyuma, kulia, na hasa kushoto. Kukiwa na mtu, kaa chini ungoje.

Ukilazimika kupiga kelele, neno lile liache. Sema "plomb" kama watu wa shule, sema "inameni", taja jina la bibi yako.

Haya, sasa tuongee.

Unasema hukusema uongo. Ulijificha ndani ya neno lenye vitu viwili, ukamwachia Papa Edmond achague kile cha kutisha. Kama hukujua kosa lako ungeniuliza fundo tu, ungefunga bahasha. Ninaelewa woga wako. Mimi pia nimewahi kuwa mgeni katika mji ambao kila mgeni anaulizwa katumwa na nani. Lakini kila asubuhi unayonyamaza, wanawake wanapita kwenye kizuizi kile kwa ajili ya kitu ambacho hakipo.

Anza na Mama Bulonza, peke yenu, kabla ya wengine wote. Asije akaisikia habari hii barabarani. Mwambie shukrani yake ni halali, maana gramu sitini zingempata kichwani tungekuwa tunaongea mengine. Usimwombe ruhusa, unamjulisha. Kisha wangoje wanawake njiani, kabla ya kizuizi na si baada yake, ukiwa na risasi nyingine mkononi waione na waishike. Mchukue Ismael, ninamjua, na Kituku nzima inajua kwamba akisema kitu ni cha kuvulia, ni cha kuvulia. Papa Edmond umwambie siku hiyo hiyo. Wakikutukana, simama, usieleze fizikia.

Swali lako la mwisho: haiwezekani.

Usingoje gazeti litoke. Ninampa Ismael nakala ya jibu hili leo.

Nasoro

*

Msomaji wa Mapendo ametuandikia tena. Tunaichapa barua yake pamoja na ile ya kwanza, kwa ombi lake.

Papa Nasoro,

Nakala ilifika Jumatano. Alhamisi nilimkuta Mama Bulonza uani akichagua maharage.

"Mama, kile kitu ni changu. Ni cha kuvulia samaki."

Aliendelea kuchagua. "Padri alikishika mu mukono," akasema. "Padri muzima."

"Najua, Mama."

"Na weye ulikuwa pale. Ulipiga makofi."

"Nilipiga."

Aliokota kijiwe katika maharage, akakitupa. "Ya samaki ao ya vita, mimi niko hapa. Misa yangu siirudishi."

"Usiirudishe."

"Basi nenda uwaambie. Mimi siendi. Watanicheka mpaka Pasaka."

Ijumaa tuliwangoja njiani, Ismael na mimi. Niliongea kwa sentensi fupi. Risasi ilizunguka mikononi mwao, na Ismael akaapa kwamba hata yeye anavulia ya namna hiyo. Mmoja alisema, "Eh, ingénieur! Ile siku nilikimbia nikaangusha hata unga wa kesho mu matope, sababu ya tilapia?" akacheka mpaka akaweka bidon chini. Mwingine alisema nifungwe. Mama Masika, mama yake Daniella, aliipokea risasi, akanirudishia. Alinitazama, akageuka na bidon zake kuelekea ufuko wetu. Wengi wakamfuata, si wote. Papa Edmond amenikataza kurusha kabla ya saa nne, wanawake wakiwa wamemaliza kuchota. Nimekubali.

Nilikwenda mlangoni kwa Daniella. Nilikuwa nimetayarisha maneno, lakini nilipoyapima yote yalikuwa ya kunipunguzia mimi mzigo, hakuna hata moja lililokuwa lake, kwa hiyo sikubisha hodi. Hajatoka bado. Yeye ndiye aliyekuwa akichotea nyumba yao maji, na sasa mama yake anachota peke yake kabla ya kwenda sokoni. Nimeamua kazi hiyo ni yangu mpaka Daniella mwenyewe aje kunipokonya. Sikumuuliza mtu. Ninazichukua bidon zao mbili alfajiri zikiwa tupu na kuziweka mlangoni zikiwa zimejaa. Leo nimezipeleka mara ya tisa.