Jozi ya Pili

Baba,

Shikamoo. Nimeacha nafasi ya marahaba yako, sasa naendelea.

Mtihani nimeufanya. Mama alitaka nisubiri mwaka mmoja, lakini Baba Mdogo alishasema mbele ya watu siku ya kumaliza msiba wako: "Huyu akifeli, namchukua Misungwi. Pamba haiulizi cheti." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Wiki ya tatu tangu tukuzike nilivaa sare nikaenda.

Cherehani yako bado iko barazani pale Mirongo. Marobota ya mitumba yamezidi, hakuna anayekuja kushonesha. Ulikuwa ukisema ndiyo maana una muda wa kunifundisha. Ulichora kwa chaki yako ya fundi juu ya kipande cha kitambaa cheusi: urefu mara upana. "Usiandike kwanza. Jaribu namba kamili, moja moja, mpaka ikae." Nilijaribu, ikakaa, na darasani nikawa wa kwanza kumaliza.

Swali la kumi na moja la hesabu lilikuwa la kwetu kabisa, Baba. Namba mbili kamili: ukizizidisha unapata arobaini, tofauti yake tatu. Sikuandika hata mlinganyo. Nane na tano. Nikapiga mstari, nikahamia jingine.

Msimamizi aliposema zimebaki dakika tano, nikarudi kulisoma tena. Tafuta jozi zote. Zote. Hasi tano na hasi nane nazo zinatoa arobaini, na tofauti ni ile ile. Niliwahi kukuletea namba hasi pale barazani, unakumbuka? Ulinitazama juu ya miwani. "Kabula mama, niletee mteja mwenye kiuno cha hasi nane, nitampima." Tulicheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Tangu siku hiyo niliacha kuzitafuta.

Mkono ulikataa, Baba. Kuandika ile alama ya hasi kulikuwa kama kukusahihisha wakati udongo wako haujakauka. Nilipoteza dakika nzima nikiikodolea macho karatasi. Kisha nikaandika hasi nane, mkato, tano, na karatasi ikavutwa. Sijui kama kwenye tano niliweka alama. Nafumba macho naiona. Nafumba tena, haipo. Matokeo bado. Kila nikitumwa Igogo kununua dagaa, natembea huku kidole kikiandika hewani, nikijaribu kukumbuka mkono ulivyokwenda.

Nilikukasirikia siku nne. Mama sijamwambia. Nakuambia wewe.

Kwaheri, Baba. Matokeo yakibandikwa, yawe yoyote, nitakuja kaburini siku hiyo hiyo, kabla Baba Mdogo hajasikia. Na kama nimefeli, nitakwenda huko Misungwi na madaftari yangu, nitarudia mwakani, na kila swali nitalitafuta pande zote mbili za sifuri, hata ule upande ambao hukunifundisha.

Mwanao,
Kabula