Midomo ya Mama Ilipogusana

Scanno Vecchio
11 Machi 2005

Kaka Oriano mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta umekaa karibu na jiko lako, na kile kifua ulichotoka nacho migodini kimekuruhusu kupumua vizuri msimu huu wa baridi. Wifi Josiane yu hali gani? Mguu wake uliotiwa vyuma umekubali kupanda ngazi? Sisi huku ni wazima. Ukungu umetukalia tangu Januari na magoti yangu yananung'unika, ila mdomo wangu, kama unavyojua, haujapata kuugua hata siku moja.

Sasa kaa vizuri, maana nina habari, na huu mwandiko unaoyumba ni furaha, usidhani ni uzee. Mama anatoka upya! Filamu yake, ile ya tuta na mafuriko, inatolewa kwa DVD mwezi wa Mei. Usifikirie kanda aliyorekodi Ermes kinyozi kutoka kwenye televisheni mwaka wa themanini na tatu, ambamo Mama alionekana kama mtu anayetembea ndani ya supu. Hii ni filamu yenyewe. Watu wa Bologna waliipata nakala ya kwanza kabisa, ile iliyopita ndani ya kamera, kwenye makopo yenye kutu, wakaisafisha picha moja moja kwa miaka miwili. Miaka miwili, Oriano! Mimi sijawahi kusafisha kitu chochote kwa zaidi ya saa moja.

Najua hupendi nimtaje Mama. Tangu ile barua ya mwaka wa arobaini na tisa, ulipokuwa mtumishi kwenye shamba la yule tajiri wa ng'ombe kwa kuwa nyumbani unga haukututosha, barua iliyokwambia kaa hukohuko, hapa hakuna nafasi yako, na chini yake msalaba wa Mama kwa kuwa hakujua kuandika jina, umekuwa ukiniuliza habari za kila mtu isipokuwa yeye. Hukuja hata kumzika. Sikulaumu, na utaona kwa nini. Nakuomba tu usiikunje barua hii kabla hujaimaliza.

Jumamosi iliyopita kampuni ilimtuma binti mmoja anayeitwa Fosca aje kutuonyesha diski ya majaribio. Alibeba na mashine yake mwenyewe, akidhani huku kwetu hatuna. Nilimwambia ninayo, mwanangu alininunulia, nimeifunika kitambaa cha kufuma nikaweka juu yake sanamu ya Mtakatifu Antoni. Nilimpikia samaki mkunga wa kuchoma na ugali. Akaniuliza kwa adabu kama inawezekana apewe kipande kisicho na kichwa. Ermes, ambaye nilimwalika pia, akasema kwa lile jisauti lake kwamba Bologna samaki huzaliwa bila vichwa, ndiyo maana wanavuliwa kirahisi. Unamkumbuka Ermes: amekuwa kiziwi tangu homa ile ya utotoni, anatusoma midomo sote, na kwa kuwa hasikii sauti yake mwenyewe, hata akinong'ona anasikika mpaka kanisani.

Basi tukakaa. Taa zikazimwa, picha ikaja, na mimi nikapiga ukelele. Oriano, nimemwona Mama! Nimeona kiraka cha kiwiko chake na uzi wa rangi nyingine alioshonea. Nimeona kovu la kidevuni alilopata kiwandani kwa kisu cha kuchunia samaki. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Binti yangu leo ni mkubwa kuliko yeye! Nilimwambia Fosca yule mtoto mdogo ni mama yangu, sote tukacheka, kisha nikalia, kisha nikaenda kuongeza ugali kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Lazima nikukumbushe jinsi mambo yale yalivyofanyika, maana ulikuwa tayari umeondoka. Yule mwongozaji alimwona Mama akipita na baiskeli na kapu lake, akasema uso ule ndio autakao. Alimpa nafasi ya mjane anayesimama juu ya tuta na kuusemesha mto uliomchukulia watu wake. Lakini siku zile hawakurekodi sauti. Kwa kuwa Mama hakuweza kukariri maneno, walimwambia ahesabu tu, moja mpaka kumi, kisha arudie, kwa huzuni, na mengine wangeyafanya wao Roma. Ndivyo walivyowafanyia wengi. Baadaye wakampachika sauti ya mwigizaji wa huko, mwanamke mwenye Kiitaliano cha redio. Filamu ilipoonyeshwa kwenye ukumbi wa parokia, kijiji kizima kilivunjika mbavu. Tangu siku hiyo Mama hakuitwa tena Desolina tu, aliitwa Desolina wa Roma. Akienda kununua chumvi wanamuuliza, "Mama mkubwa, leo utatuhesabia au utatuhutubia?" Naye anajibu, "Nitakuhesabia makofi, sogea hapa."

Miaka yote watu wakimuuliza alisema nini pale juu ya tuta, alijibu kwamba alihesabu kama alivyoagizwa. Fosca naye aliamini hivyo. Alituambia walimpa mtaalamu wa mjini, msomaji midomo aliyesomea kazi hiyo, ajaribu kuthibitisha. Mtaalamu akaandika kwamba mama huyu anahesabu, ila namba zake hazieleweki, pengine kwa sababu hakwenda shule. Nilikasirika kidogo, nikanyamaza, na ujue hilo ni jambo la nadra.

Tulipofika penye tuta, Ermes akainuka kwenye kiti. Akapiga meza kwa kiganja, sahani zikaruka. "Rudisha!" Fosca akabonyeza rimoti, Mama akarudi nyuma, akaanza tena. "Rudisha!" Kwenye ukumbi wa parokia Mama alipita mara moja tu, na kwenye kanda ya Ermes uso ulikuwa uji mtupu. Safari hii angeweza kusimamishwa, kurudishwa, kusogezwa polepole kama mtu anayesukuma baiskeli. Tulimrudisha mara kumi na moja. Mwishowe Ermes akatugeukia, machozi yamemlenga, akatangaza, "Huyu hahesabu. Hahesabu hata kidogo!"

Fosca akamwandikia kwenye karatasi kwamba mtaalamu alisema ni namba. Ermes akamwambia, "Mwanangu, hesabu wewe. Moja mpaka kumi, mbele ya kioo." Fosca akahesabu mbele ya kioo cha kabati langu. Nami nikahesabu. Jaribu na wewe, kaka, uno, due, tre, kwa Kiitaliano au kwa lugha yetu ya jikoni, si kwa Kifaransa chako. Umeona? Kuanzia uno hadi dieci midomo haigusani hata mara moja. Na midomo ya Mama, kwenye picha ile iliyosafishwa, inagusana kabisa, mwanzoni kabisa, anapofumbua kinywa. Mtaalamu alitafuta namba za Kiitaliano kwa sababu aliambiwa ni namba. Mama hakuwa akisema Kiitaliano. Lini Mama alisema Kiitaliano? Alisema kama tunavyosema jikoni.

Ermes akasoma kwa sauti, neno baada ya neno, kidole chake kikigusa kioo cha televisheni. "Bisato," alisema. "Bisato, njoo nyumbani."

Hakuna mwingine aliyepata kuitwa hivyo na Mama. Bisato, yaani samaki mkunga wake, kwa jinsi ulivyoteleza mikononi mwake kila alipotaka kukuogesha. Mbele ya kamera, mbele ya mabwana wa Roma waliomwambia ahesabu kwa huzuni, Mama alikuwa akikuita wewe. Nilimweleza Fosca, akaweka uma chini, akaninyang'anya leso yangu mwenyewe.

Sasa Fosca anataka maneno hayo yawekwe kwenye diski, sehemu ya nyongeza, yaandikwe chini ya picha ili atakaye ayasome. Kampuni imekubali. Kwa sheria zao wanahitaji sahihi za watoto wote wawili, kabla ya mwisho wa mwezi. Karatasi nimeiambatisha. Angalia, sijatia yangu.

Na hapa, Oriano, furaha yangu inakoma. Ermes alipofika katikati ya maneno yale aliacha kusoma. Alinitazama mimi, kisha akamwambia Fosca kwamba Mama amegeuza uso, mengine hayaonekani. Alidanganya. Mama hakugeuka. Wakati wa kuondoka alinishika bega, akaninong'oneza kwa ule mnong'ono wake uliowaamsha mbwa wa mtaa mzima, "Mengine mwandikie wewe."

Mimi sikuhitaji kusomewa. Siku ile ya kamera nilikuwa pale juu ya tuta, nina miaka tisa, nimesimama hatua tano kutoka kwake, nimeshika koti lake. Nilisikia kila neno kwa masikio yangu. Alisema: "Bisato, njoo nyumbani. Unga sasa upo. Nives atakwenda badala yako."

Jioni ya siku ile aliniketisha mezani anipe maneno ya kukuandikia, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nasoma darasa la tatu. Maneno yalikuwa yaleyale. Wewe urudi, na mimi nipelekwe Ferrara kwa mama mmoja aliyetaka msichana wa kazi. Aliyasema huku akimenya viazi, bila ubaya. Alifikiri zamu yako imetosha, na kwamba msichana hulala ndani wakati mvulana hulala na ng'ombe. Leo naona alikuwa na haki. Siku ile niliona nyumba ya watu nisiowajua, na kitanda kisicho na Mama. Nikachovya kalamu. Nikaandika kaa hukohuko, hapa hakuna nafasi yako. Mama akauliza, "Umeandika yote?" Nikasema yote. Akachora msalaba wake chini, taratibu, ulimi umemtoka pembeni, akaipuliza karatasi ikauke.

Ni mimi, Oriano. Yule mwanamke wa Roma alimtia Mama sauti isiyokuwa yake na tukamcheka miaka hamsini. Mimi nilimtia maneno yasiyokuwa yake, wewe ukayabeba mpaka Ubelgiji, ukashuka nayo chini ya ardhi. Mama alisubiri jibu. Kila Krismasi alisema, "Bisato amekuwa bwana, ametusahau," nami nikiendelea kumpakulia. Alikufa akiamini alikuita ukakataa kuja. Ningeweza kusema kwa neno moja, siku yoyote. Kwanza niliogopa Ferrara, halafu nikaogopa Mama, halafu nikakuogopa wewe, na mwishoni niliogopa tu kuwa mtu aliyenyamaza muda mrefu hivyo. Naona aibu. Sitaki uifanye ndogo kwa kusema nilikuwa mtoto. Nilikuwa mtoto mwaka ule mmoja tu.

Kwenye karatasi ya kampuni nimejaza maneno yote kwa wino, pamoja na yale yanayonihusu. Ukitia sahihi, kijiji kitayasoma mwezi wa Mei kwenye ukumbi uleule wa parokia, na wataniuliza, nami nitawajibu. Usipotia, Fosca ameahidi hataandika chochote, na Mama ataendelea kuhesabu. Nitatia sahihi yangu baada ya kuiona yako, maana safari hii siandiki lolote kwa niaba ya mtu.

Msalimie sana wifi Josiane, umwambie naomba anisamehe hata yeye, kwa Krismasi zote alizokaa nawe ukiwa umenuna. Wabusu wajukuu. Chumba cha nyuma kina kitanda, kimetandikwa, na hakuna anayekilalia.

Diski iko ndani ya bahasha hii. Mama yuko dakika ya arobaini na mbili. Ukifika hapo, kaka, zima sauti.

Ni mimi mdogo wako,
Nives