Mtani Akinyamaza

Baba Pendo,

Shikamoo mume wangu. Mgongo umekuachia? Mama mkwe anakula vizuri? Sie huku Temeke wazima, mjukuu wako anatambaa, kila anachokiona anatia mdomoni. Nimeandika maana kwenye simu unaweka sauti kubwa, na haya si ya kusikia majirani.

Pendo ilibaki kidogo ahamishwe kazi. Nesi mwenzie, Mwanaidi, ni Mzaramo, na sie Wanyamwezi ni watani zao, basi walikuwa wakitukanana kutwa na kucheka. Siku moja Pendo akamtania mbele ya akina mama wa kliniki, "Wazaramo ngoma mnaiweza, kazi je?" Wale wanawake wakacheka. Mwanaidi hakujibu. Pendo aliponisimulia nikasema moyoni, mtani akinyamaza, pameharibika.

Wakawa wanapokezana zamu bila neno. Zamani walipita pamoja kitanda kwa kitanda, huyu kapewa hiki, yule bado. Sasa mmoja akiingia mwingine anatoka. Nusura mzazi mmoja achomwe sindano mara ya pili, mwenyewe ndiye aliyepiga kelele kuwa keshachomwa. Mganga mfawidhi akawaita: "Mie sina wodi ya mabubu. Msipopatana, mmoja namhamisha." Usingizi ukanipaa, mtoto bado ananyonya, wampeleke wapi?

Mara mama yake Mwanaidi akafariki. Pendo ananiambia, "Mama, mie siendi, atadhani nimekwenda kumcheka."

Nikamwambia, "Si ndiyo kazi yako? Mtani haalikwi msibani. Vaa khanga twende."

Baada ya mazishi wanawake tumekaa mkekani, Mwanaidi macho makavu tangu asubuhi. Pendo akachukua mkongojo wa marehemu, akajikunja kama yule bibi, akachechemea: "Mwanaidi! Chai gani hii haina sukari? Nimezaa nesi au adui?" Mwanaidi akaangua kicheko, kikageuka kilio, akamng'ang'ania Pendo shingoni: "Mnyamwezi we, huna hata haya!"

Baba Pendo, sijawahi kufurahia tusi kama lile.

Sasa wanapita tena vitandani pamoja, wanabishana mpaka wagonjwa wanawacheka. Mfawidhi hasemi tena habari ya kuhamisha.

Nisalimie mama mkwe, shemeji yangu mdogo anayechunga, na mama wa ubatizo wa Pendo. Arobaini ya yule bibi inakuja, nitumie chupa ya asali nimpelekee Mwanaidi. Usiijaze mpaka juu, umwachie cha kututukania.

Mkeo mwenye wasiwasi wake uleule,
Mama Pendo